Jedwali Limeharibika na Tovuti Imejaa Watu: Okoa Data Kwanza, Karabati Baadaye

"Kaka, tovuti haifunguki, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kutuma maombi." Simu hiyo niliipokea saa mbili usiku. Tovuti yenyewe ilikuwa ya matangazo ya kazi na mimi ndiye niliyekuwa naihudumia. Nikaingia kwenye seva, nikafungua logi (daftari la matukio) ya MySQL, programu inayoendesha hifadhidata, nikakuta mstari huu umejirudia mamia ya mara:

`Table './ajira/maombi' is marked as crashed and should be repaired`

Nikafanya kilekile ujumbe ulichoniambia. Nikaandika `REPAIR TABLE maombi;` nikabonyeza Enter. Dakika chache baadaye jibu likaja, na juu yake kulikuwa na onyo: `Number of rows changed from 41230 to 41208`. Tovuti ikarudi, mwenye tovuti akashukuru, nami nikabaki naitazama ile tofauti. Rekodi 22. Ni watu 22 waliokaa wakajaza fomu, wakapakia vyeti vyao, wakaamini kwamba maombi yamefika. Na sikuwa nimehifadhi nakala ya faili lile bovu ili nijaribu njia nyingine ya kuwatoa humo.

Amri ya kukarabati hutupa kila isichoweza kukisoma. Haikuulizi, na ikishatupa imetupa. Kwa hiyo utaratibu ninaoueleza hapa unaanza mbali kidogo na ukarabati wenyewe. Nimeuandika kwa MySQL na MariaDB kwenye Linux, kwa sababu ndizo zinazobeba tovuti nyingi tunazohudumia.

1. Funga mlango wa tovuti, usizime hifadhidata bado

Jedwali likishagoma, kila anayefungua ukurasa anatuma ombi jipya kwenye jedwali hilohilo. Maombi yanashindwa, programu inajaribu tena, foleni inarefuka. Kiwango cha kawaida cha `max_connections` ni 151, na kwenye tovuti yenye watu wengi kinajaa upesi. Kikijaa, hata wewe msimamizi unajibiwa `Too many connections`. MySQL huacha nafasi moja ya ziada kwa ajili ya msimamizi, lakini haitakufaa kitu kama tovuti yenyewe inaingia kwa jina la root, yule mtumiaji mwenye mamlaka yote, maana itakuwa imeshaikalia. Kama tovuti yako bado inaingia kwa root, libadilishe hilo mara tu dharura hii itakapokwisha.

Zuia watu kwenye nginx, programu inayowapokea wanaofungua tovuti. Ndani ya `location /` weka:

    add_header Retry-After 1800 always;
    return 503;

Kisha `nginx -t && systemctl reload nginx`. Namba 503 inawaambia Google na mitambo mingine ya utafutaji kwamba tatizo ni la muda, warudi baadaye. Ukionyesha tangazo la "tunafanya matengenezo" kwa namba 200, wataliokota wakidhani ndio ukurasa wako halisi.

Halafu simamisha kazi za cron, zile zinazojiendesha zenyewe kwa saa zilizopangwa, na ya kwanza iwe ile ya bekapu. Hili wengi hulisahau. `mysqldump`, amri inayotoa nakala ya data, ikifika kwenye jedwali bovu hukatika hapohapo na kuacha faili nusu. Kama skripti yako huandika juu ya bekapu ya jana, saa nane usiku itakufutia nakala nzima uliyonayo na kukuachia kipande.

2. Soma logi mpaka uelewe ni kosa gani

Kwenye Ubuntu na Debian logi ya MySQL huwa `/var/log/mysql/error.log`, kwenye familia ya Red Hat, `/var/log/mysqld.log`. Usipoiona, uliza seva yenyewe: `SHOW VARIABLES LIKE 'log_error';`

Ukikutana na namba ya kosa, iulize `perror`, amri inayoeleza maana ya namba hizo, kwa mfano `perror 145`. Hiyo 145 maana yake jedwali limewekewa alama kwamba limeharibika na linapaswa kukarabatiwa, na mara nyingi data iko salama. 126 na 127 ni nzito zaidi, faili la faharasa (orodha inayosaidia kuzipata rekodi haraka) au la data lenyewe lina kasoro. 144 maana yake ukarabati uliopita nao ulishindwa. Na 28 haina uhusiano wowote na jedwali: diski imejaa.

Jua pia jedwali linatumia injini gani, yaani sehemu ya MySQL inayolihifadhi na kulisoma, kwa sababu njia zinatengana kabisa kuanzia hapo:

    SELECT table_name, engine, table_comment
    FROM information_schema.tables
    WHERE table_schema = 'ajira';

Jedwali bovu mara nyingi huonyesha NULL kwenye safu ya engine, na ujumbe wa kosa unakaa kwenye maelezo ya pembeni. Kama ndivyo, angalia kwa macho kwenye `/var/lib/mysql/ajira/`. Ukiona `maombi.MYD` na `maombi.MYI`, hiyo ni MyISAM. Ukiona `maombi.ibd`, ni InnoDB.

InnoDB, iliyoanzishwa na Heikki Tuuri wa Ufini, ndiyo injini ya kawaida tangu MySQL 5.5 ya mwaka 2010, kwa hiyo unaweza kudhani MyISAM imekwisha. Haijaisha. Tovuti zilizoanzishwa zamani zimehamishwa kutoka seva hadi seva na majedwali yao yaleyale, na programu-jalizi kadhaa bado zina mstari wa `ENGINE=MyISAM` ndani yake. Jedwali langu la maombi lilikuwa hivyo: tovuti nzima InnoDB, jedwali moja tu MyISAM, na ndilo lenye kazi kubwa kuliko yote.

3. Tafuta kilicholiharibu

Mimi sikarabati kitu kabla sijajua kilichokiharibu, kwa sababu kisababishi kikiwa bado kipo, ukarabati utaongeza hasara. Anza na diski:

    df -h
    df -i

Amri ya pili watu huiruka. Diski inaweza kuwa na gigabaiti nyingi wazi lakini nafasi za kuandikisha mafaili mapya zimekwisha, kwa sababu ya mafaili madogomadogo ya sesheni za PHP yaliyorundikana. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba ext4, mfumo wa mafaili unaotumika sana kwenye Linux, kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya root. MySQL haiendeshwi na root. Hivyo kwake yeye diski imeshajaa wakati wewe, ukiwa root, bado unaandika faili bila shida na kujiuliza kosa liko wapi.

Diski ikijaa katikati ya kazi ya kawaida, MySQL ni mvumilivu. Inasubiri, inachungulia kila dakika moja kama nafasi imepatikana, na kila baada ya dakika kumi inaandika onyo kwenye logi. Lakini ikijaa katikati ya `REPAIR TABLE` au `OPTIMIZE TABLE`, inafuta mafaili yake ya muda na kuliwekea jedwali alama ya kuharibika. Usiku ule kwangu diski ilikuwa asilimia 97. Nilichokuwa nacho ni bahati tu.

Kutafuta kilichojaza:

    du -xh --max-depth=2 /var | sort -h | tail
    lsof +L1

`lsof +L1` inaonyesha mafaili yaliyofutwa lakini bado yameshikwa na programu fulani, kwa hiyo nafasi haijarudi. Ukikuta logi ya nginx ya gigabaiti 30 humo, `systemctl reload nginx` inaiachia. Mafaili ya logi ya mabadiliko, zile binlog za MySQL, usiyafute kwa `rm`. Kwanza utayahitaji hatua ya saba, pili MySQL ina orodha yake inayotarajia kuyakuta. Kama lazima upunguze, nakili kwanza kwenye mashine nyingine, kisha tumia `PURGE BINARY LOGS`.

Diski ikiwa na nafasi, tazama kama Linux yenyewe ndiyo iliyoiua MySQL kwa kukosa RAM:

    journalctl -k | grep -i 'killed process'

Mstari unaotaja `mysqld` hapo umemaliza mjadala. Kwenye seva ndogo ya RAM ya gigabaiti 2 yenye PHP na MySQL pamoja, wingi wa watu unapofika, PHP inaongeza michakato, RAM inakwisha, na Linux inamuua anayekula nyingi, ambaye karibu kila mara ni MySQL. MyISAM ikiuawa hivyo huku inaandika, faharasa inabaki nusu.

Mwisho tazama diski kama kifaa: `dmesg -T | grep -i 'I/O error'` na `smartctl -a /dev/sda`. Kwenye diski ya kuzunguka, `Current_Pending_Sector` ikiwa juu ya sifuri na inapanda, acha kila kitu. Usikarabati chochote juu ya diski hiyo. Toa data, hamia mashine nyingine, karabati huko. Na kama seva iko ofisini chini ya meza, muulize mlinzi kama umeme ulikatika. Nimewahi kutafuta kosa asubuhi nzima, kumbe LUKU iliisha usiku na betri ya UPS ilikuwa imeshachoka.

4. Nakili kabla ya kugusa

Sasa ndiyo unazima hifadhidata, kwa utaratibu wake:

    systemctl stop mysql

Inaweza kuchukua dakika kadhaa. InnoDB inamwaga kwenye diski yale iliyokuwa imeshika kwenye RAM, na kadiri ulivyoipa RAM kubwa ndivyo inavyochelewa. Fungua dirisha la pili, fuatilia logi kwa `tail -f`, na usipige `kill -9` kwa sababu tu umechoka kusubiri. `kill -9` ndiyo njia ya hakika ya kupata jedwali la pili bovu.

Ikishazimika:

    du -sh /var/lib/mysql
    cp -a /var/lib/mysql /mnt/nakala/mysql-bovu

Kama hakuna nafasi, peleka kwenye mashine nyingine kwa `rsync -a` kupitia ssh. Kwa MyISAM peke yake unaweza kunakili mafaili ya jedwali moja tu: `.MYD` lenye data, `.MYI` lenye faharasa, na `.frm` lenye umbo la jedwali, ambalo kuanzia MySQL 8.0 halipo tena na badala yake kuna `.sdi`. Kwa InnoDB chukua saraka yote. Faili la `.ibd` likiwa peke yake linategemea yaliyomo kwenye `ibdata1` na logi za InnoDB, na bila hayo utahangaika.

Nakala hii ni bovu, ndiyo, na inakula nafasi. Lakini ndiyo inayokupa ruhusa ya kukosea. Kila njia utakayojaribu kuanzia hapa ikiharibu zaidi, unarudi kwenye hali ya sasa. Kwa tovuti ya gigabaiti 10 ni suala la dakika chache, na hata mwenye tovuti awe anapiga simu mfululizo, mwambie ukweli: "Bosi, nipe dakika kumi na tano, naokoa data kwanza." Sijakutana na anayekataa akishaelezwa hivyo.

5. Kama ni MyISAM

Hifadhidata ikiwa bado imezimwa, panda ngazi moja baada ya nyingine, kuanzia ya upole:

    cd /var/lib/mysql/ajira
    sudo -u mysql myisamchk -r -q maombi

Hiyo `-q` inajenga upya faharasa bila kugusa faili la data. Ikiwa tatizo ni faharasa tu, kazi imekwisha hapo na hujapoteza rekodi hata moja. Isipofaa:

    sudo -u mysql myisamchk -r maombi

Hapa inasoma `.MYD` na kuandika faili jipya lenye mwisho wa `.TMD`, kisha inalibadilishia jina liwe la data. Isichoweza kukisoma kinabaki nyuma. Na ikishindikana:

    sudo -u mysql myisamchk -o maombi

`-o` ni njia ya zamani, inapita rekodi moja moja na ni ya polepole sana, lakini kuna hali chache ambazo `-r` inashindwa nayo inaweza. Baada ya kila ngazi andika idadi ya rekodi iliyobaki. Kama `-r` imekupotezea, rudisha nakala bovu kutoka `/mnt/nakala` ujaribu `-o` juu yake, ulinganishe. Ndicho nilichonyimwa usiku ule kwa kutokuwa na nakala.

Ile `sudo -u mysql` si pambo. Ukiendesha ukiwa root, faili jipya linaweza kuwa mali ya root, na MySQL ikiwashwa inashindwa kulifungua kwa kosa namba 13. Utadhani ukarabati umeshindwa kumbe ni ruhusa tu.

Ikibidi ukarabati hifadhidata ikiwa inawaka, kwa mfano kuna tovuti nyingine kumi juu ya seva hiyohiyo na huwezi kuzizima zote, tumia `REPAIR TABLE maombi QUICK;` kwanza, ambayo nayo inajenga faharasa tu. Lakini nakala ya mafaili bado uichukue. Kwenye dirisha moja andika `FLUSH TABLES maombi WITH READ LOCK;` na usilifunge, nakili kwenye dirisha la pili, kisha rudi uandike `UNLOCK TABLES;`. Jedwali likiwa bovu kiasi cha kukataa hata kufungwa hivyo, usiendelee mpaka una uhakika hakuna kinachoandika humo.

Wakati ukarabati unaendelea, andika `SHOW FULL PROCESSLIST;` kwenye dirisha lingine na utazame safu ya State. Ukiona `Repair by sorting`, pumua, itakwisha mapema. Ukiona `Repair with keycache`, kaa ujiandae. Hiyo ni njia ya kuingiza funguo kwenye faharasa moja moja, na kwa jedwali la mamilioni ya rekodi inaweza kula masaa. MySQL huiangukia njia hiyo inapoona faili la muda la kupangia litazidi `myisam_max_sort_file_size`. Kupanga kwenyewe kunatumia saraka ya `tmpdir`, na kwenye mashine nyingi `/tmp` ni kipande cha RAM chenye nafasi ndogo, kwa hiyo hakikisha pana nafasi huko pia. Ukiwa na `myisamchk` unaweza kuielekeza kwingine kwa `--tmpdir=/mnt/nakala/tmp` na kuipa `--sort_buffer_size=512M`.

Usikatize `REPAIR TABLE` katikati. Seva ikizimika ghafla wakati huo, jambo la kwanza kabisa baada ya kuwaka ni `REPAIR TABLE` nyingine kwa jedwali hilo, kabla ya mtu yeyote kulisoma wala kuliandika.

Kuna `REPAIR TABLE maombi USE_FRM;` ambayo utaiona inapendekezwa kila mahali. Ni ya pale tu `.MYI` limepotea au kichwa chake kimeharibika kabisa. Inajenga faharasa kwa kusoma umbo la jedwali, na inapoteza kumbukumbu ya AUTO_INCREMENT, ile namba ya rekodi inayojiongeza yenyewe, ilipofikia. Kamwe usiitumie kwa jedwali lililoundwa na toleo tofauti la MySQL.

Kwa WordPress kuna njia ya mkato ya `WP_ALLOW_REPAIR` kwenye `wp-config.php`, inayofungua ukurasa wa kukarabati. Ukurasa huo haudai kuingia kwa nenosiri; yeyote anayejua anwani yake anaweza kubonyeza. Ukiutumia, ondoa mstari huo dakika hiyohiyo.

6. Kama ni InnoDB

`REPAIR TABLE` haifanyi kazi hapa, itakujibu kwamba injini haikubali ukarabati. InnoDB inajitibu yenyewe. Ikizimika ghafla, inapowaka inasoma logi yake na kurudia yaliyokuwa hayajafika kwenye mafaili. Kwa hiyo baada ya umeme kukatika, mara nyingi kazi yako ni kuiwasha na kuiacha, hata ikichukua nusu saa.

Shida halisi ni pale ukurasa wenyewe umeharibika kwenye diski. InnoDB inahifadhi data kwa kurasa za kilobaiti 16, kila ukurasa una namba ya uhakiki, na namba isipolingana seva hujizima makusudi ili uharibifu usisambae. Logi itasema `Database page corruption on disk` na kutaja ukurasa. Seva inawaka, mtu anafungua tovuti, anagusa ukurasa ule, seva inaanguka, inawaka tena. Mzunguko huo ukiuona, umeshajua. Ujue pia kwamba hata `CHECK TABLE` inaweza kuiangusha, kwa sababu nayo inasoma kurasa zote.

Ukiwa na nakala yako mkononi, weka kwenye `my.cnf` chini ya `[mysqld]`:

    innodb_force_recovery = 1

Washa, na ujaribu kutoa data kwa `mysqldump`. Isipowaka au ikianguka, panda hadi 2, kisha 3. Namba zinafika 6. Hadi 3 hatari si kubwa. Kuanzia 4 unaweza kuyaharibu mafaili moja kwa moja, ndiyo maana inafanyika juu ya nakala, si juu ya asili. Ikiwa juu ya sifuri, InnoDB inakataa kuandika rekodi mpya, na ndivyo inavyotakiwa: lengo ni kutoa data tu.

Jedwali bovu linapokatisha `mysqldump`, litoe kwa vipande:

    mysqldump ajira maombi --no-create-info --where="id BETWEEN 1 AND 10000" > m1.sql
    mysqldump ajira maombi --no-create-info --where="id BETWEEN 10001 AND 20000" > m2.sql

Kipande kinachoanguka kigawe nusu, na nusu yake tena, mpaka umezingira zile rekodi chache zilizoko kwenye ukurasa mbovu. Ni kazi ya subira. Nimewahi kuifanya kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri, na jedwali la rekodi zaidi ya laki mbili likatoka pungufu ya rekodi chini ya mia.

Kabla ya kuanza hayo, soma logi vizuri. Kama ukurasa mbovu ni wa faharasa ya pembeni na si wa data yenyewe, data inasomeka yote, na kufuta faharasa hiyo kisha kuiunda upya kunatosha.

Ukishatoa, usirudishe juu ya mafaili yaleyale. Andaa saraka mpya ya MySQL, ondoa mstari wa `innodb_force_recovery`, ingiza data humo.

7. Tafuta waliopotea

Chukua bekapu ya mwisho nzima, iingize kwenye mashine nyingine, hata kompyuta yako ya mkononi. Kama binlog zilikuwa zimewashwa, na kuanzia MySQL 8.0 huwashwa zenyewe, endeleza bekapu hiyo kwa `mysqlbinlog` hadi dakika kabla ya ajali. Kisha toa orodha ya namba za rekodi pande zote mbili na uzilinganishe:

    mysql -N -e "SELECT id FROM ajira.maombi ORDER BY id" > hapa.txt
    diff hapa.txt kule.txt

Tofauti ndiyo waliopotea, na sasa unawajua kwa namba zao na unaweza kuwarudisha.

Mimi sikuwa na binlog. Bekapu yangu ilikuwa ya usiku uliotangulia, na siku ya mwisho ndiyo iliyoleta maombi mengi. Nikaenda kwenye sanduku la barua pepe ambako tovuti hutuma uthibitisho wa kila ombi, nikaoanisha na saraka ya vyeti vilivyopakiwa na muda wa kila faili. Nikawapata 17. Watano waliobaki vyeti vyao vilikuwepo, kwa hiyo nilimpa mwenye tovuti majina na namba za simu zilizokuwa kwenye wasifu wao, naye akawapigia mmoja mmoja kuwaomba wajaze tena. Aliongeza siku moja kwa ajili yao.

8. Fungua kidogo kidogo

Jifungulie wewe kwanza kwa `allow` na anwani yako ya IP, na `deny all` kwa wengine. Ingia, tafuta, jaza fomu ya majaribio, huku logi iko wazi pembeni. Kisha fungua kwa wote. RAM ya hifadhidata bado ni tupu baada ya kuwashwa, kwa hiyo dakika za mwanzo kurasa zitakuwa nzito. Usianze kutafuta kosa lingine. Rudisha cron mwisho, ya bekapu ikiwa ya kwanza kurudi, na sasa iandike kwa jina lenye tarehe.

9. Kesho yake

Hamisha majedwali ya MyISAM: `ALTER TABLE maombi ENGINE=InnoDB;` Amri hii inazuia uandishi wakati inafanya kazi na inahitaji nafasi ya nakala ya pili ya jedwali, kwa hiyo ifanye usiku. Zamani kilichozuia wengi ni utafutaji wa maneno wa FULLTEXT, lakini InnoDB imekuwa nao tangu MySQL 5.6. Kama kuna jedwali ambalo lazima libaki, weka `myisam_recover_options = BACKUP,FORCE`, ili seva inapolikarabati yenyewe ihifadhi kwanza faili la data la zamani kwa mwisho wa `.BAK`.

Acha `innodb_flush_log_at_trx_commit` kwenye 1. Miongozo mingi ya kuongeza kasi inashauri 2 au 0, na kasi inaongezeka kweli, lakini umeme ukikatika unaweza kupoteza hadi sekunde moja ya mwisho ya maombi. Kwenye tovuti yenye watu wengi, sekunde hiyo ina watu ndani yake.

Weka tahadhari ya diski ikutumie ujumbe ikifika asilimia 80. Bekapu ikae nje ya seva. Na kila asubuhi skripti yangu husoma mstari wa mwisho wa bekapu ya usiku:

    zcat ajira-2025-03-14.sql.gz | tail -n 1

`mysqldump` ikimaliza salama huandika `-- Dump completed on` na tarehe. Mstari huo usipokuwepo, faili hilo limekatika njiani na skripti inanitumia ujumbe kwenye simu. Mara moja kwa mwezi, Jumamosi, naingiza bekapu nzima kwenye kompyuta nyingine na kufungua tovuti juu yake, nikatafuta ombi la mtu mmoja wa wiki hiyo, nikafungua na cheti chake.